Tulivua Viatu Mlangoni: Ziara Yetu katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani



Katika tafakari ya juma hili twapenda kuwashirikisha habari za safari tuliyoifanya mwezi Agosti, tukiwa waamini 28 wa parokia yetu ya hapa Ilula, kwenda Kilwa Kisiwani. Wengi mmekwisha kuuliza tulikwenda kutafuta nini huko, na wengine mmeuliza kwa mashaka. Kabla hatujaondoka, mzee mmoja wa kigango alisimama baada ya Misa akatuambia kwa heshima: “Baba Paroko, makanisa ya kuyazuru yametuishia, hata twende kutazama msikiti uliobomoka?” Naye mama mmoja wa WAWATA, ambaye binti yake ameolewa katika nyumba ya Waislamu, alitungoja nje ya sakristia akauliza kwa sauti ya chini: “Nikiingia humo, Baba, nitakuwa nimekosa?”

Maswali hayo mawili tuliyabeba garini pamoja na mizigo yetu. Hatukuyajibu siku ile. Leo twajaribu.

Tuliondoka Ilula alfajiri, wakati matenga ya nyanya yakianza kupangwa kando ya barabara kuu. Tukashuka Mlima Kitonga kwa taratibu, tukapita mibuyu ya bonde la Ruaha, tukapita Mikumi na Morogoro, tukalala Dar es Salaam. Kesho yake tukashika njia ya kusini, tukavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, tukafika njia panda ya Nangurukuru na kuelekea Kilwa Masoko. Huko tulipata kibali cha kuingia katika magofu, tukapanda mashua, na baada ya mwendo mfupi juu ya maji tulikanyaga mchanga wa Kisiwani.

Yafaa tukumbuke kwamba Kilwa ni tatu. Kilwa Kisiwani ndiyo kongwe kupita zote. Kilwa Kivinje, iliyoko bara, ilistawi katika karne ya 19. Na Kilwa Masoko ndiyo mji wa wilaya wa leo. Mwenyeji aliyetupokea, mzee wa makamo mwenye kofia nyeupe, alituambia jambo moja kabla ya kuanza kutembea: “Wageni wangu, hapa watu hawajahama. Tunaishi. Mtapita kati ya nyumba zetu na mashamba yetu. Kwa hiyo tubishe hodi.” Nasi tukabisha hodi, tukakaribishwa.

Tukauendea Msikiti Mkuu. Kwa macho ya mtu aliyezoea makanisa yetu ya matofali na bati, jengo lile hushangaza. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi. Misingi yake yahesabiwa kuwa ya karne ya 11. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua msikiti kuelekea kusini mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, akauongezea na chumba chenye kuba kubwa. Baadaye paa la upanuzi huo liliporomoka, na katika karne ya 15 likajengwa upya kwa nguzo za mawe zenye pembe nane, matao na kuba ndogondogo. Kuba kadhaa zingali juu hadi leo. Mahali pengine paa limekwenda, na mwanga wa jua huingia na kulala sakafuni kama mkeka.

Fundi wetu mmoja wa uashi, aliyejenga kigango kimoja kwa mikono yake, hakuamini macho yake. Aliuliza saruji ilitoka wapi. Mwenyeji akamweleza: hapakuwa na saruji. Mawe ni matumbawe ya baharini, ambayo yakikatwa yangali mabichi huwa laini na huchongeka, kisha hukauka yakawa magumu. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayohayo. Yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa, majivu yake meupe yakaachwa muda mrefu yapoe kwa mvua na umande, ndipo yakachanganywa na mchanga. Boriti za dari zilikuwa za mikoko. Fundi wetu aliweka kiganja chake ukutani, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akasema: “Waliojenga hapa walijua wanamjengea nani.”

Tulipofika mlangoni tulisimama. Sakafu imejaa mchanga na majani. Ibada ya Ijumaa haifanyiki tena humo. Watalii wengi huingia na viatu vyao. Tulitazamana. Tukakumbuka jinsi Musa alivyoamriwa kuvua viatu mbele ya kichaka kilichowaka moto, nacho kilikuwa kichaka tu, hakina hata ukuta. Basi tukavua. Akina mama wakajifunga kanga zao vizuri. Mwenyeji wetu akatutazama, akasema: “Si lazima, Baba. Lakini ahsanteni.” Tangu hapo alibadili sauti yake. Aliacha kusema kama mtu anayesoma orodha, akaanza kusimulia.

Alituonyesha kibla katika ukuta wa kaskazini, kwa kuwa kutoka Kilwa anayeielekea Maka huelekea kaskazini. Alituonyesha mahali pa kutawadhia, penye kisima na birika, ambapo kila mwamini aliosha mikono, uso na miguu kabla ya kusali. Kijana mmoja wa utume wa vijana akasema kwamba chombo cha maji ya baraka kilichoko mlangoni mwa kanisa letu hufanya kazi isiyo mbali sana na hiyo. Mwenyeji akacheka kwa furaha, nasi pia.

Ndugu wasomaji, Kilwa haikuwa kijiji cha wavuvi kilichobahatika kupata msikiti mkubwa. Ilikuwa dola. Dhahabu iliyochimbwa katika nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, nayo Kilwa iliitawala biashara hiyo. Masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu kadhaa za Kilwa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nje ya mji, juu ya mwamba unaotazama bahari, Sultani huyohuyo alijijengea kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane.

Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Ni wakati ambapo Mapapa walikuwa wakikaa Avignon, Ufaransa. Ibn Battuta aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, naye aliacha habari moja ambayo mwenyeji wetu aliisimulia tukiwa tumesimama chini ya matao. Sultani huyo aliitwa Baba wa Vipaji kwa sababu ya ukarimu wake. Siku moja ya Ijumaa, alipotoka kusali, fukara mmoja kutoka Yemeni alimzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akamwambia ngoja kidogo, akarudi ndani, akavaa nguo nyingine, akamtolea yule fukara zile alizoombwa.

Hapo tulimkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, ambaye Kanisa linamwadhimisha kila tarehe 11 Novemba, yule askari wa karne ya 4 aliyelikata joho lake vipande viwili na kumpa maskini nusu kwenye lango la mji wa Amiens. Tulitaka kuishia hapo, kwa kuwa habari ni nzuri na inafaa homilia. Lakini mwenyeji wetu alikuwa mtu mkweli, akaendelea mpaka mwisho. Mtoto wa Sultani aliona si vema nguo za mfalme zivaliwe na fukara. Akazitwaa, akampa yule mtu watumwa kumi badala yake. Naye Sultani aliposikia watu wanavyolisifu tendo lake, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tulinyamaza. Watumwa 20. Kila mmoja wao alikuwa na mama yake na kijiji chake. Ibn Battuta huyohuyo anasema kwamba Sultani alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za watu weusi wa bara na kuteka nyara. Bara ni kwetu. Waliotolewa zawadi siku ile kwa sababu ya ukarimu hawakuulizwa. Basi tukajifunza jambo la kwanza la safari yetu: nyumba ya sala yaweza kuwa ya kweli, na sala yake ikawa ya kweli, na ukarimu wa anayesali ukawa wa kweli, na bado pakawa na mtu aliyesahauliwa nje ya mlango ambaye Mungu anamhesabu. Hatulisemi hilo kama watu wa kuwahukumu Waislamu wa Kilwa. Twalisema kwa sababu habari iliyofuata ilituhusu sisi.

Mwenyeji wetu alitupeleka hadi karibu na ufuo, ilipo ngome iitwayo Gereza. Ngome tuionayo leo ni ya wakati wa Waarabu wa Omani, lakini imesimama mahali ambapo Wareno walijenga ya kwao. Alianza kusema juu ya Wareno, kisha akasita. Alitazama msalaba uliokuwa kifuani petu, akasema: “Baba, hapa pana habari ambayo wageni wengine huwa nawafupishia.” Tukamwambia: “Mzee wetu, tusimulie yote. Tumevua viatu kule. Hapa tutafungua masikio.”

Wareno walikuwa wamefika mara ya kwanza mwaka 1500. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na merikebu za vita, akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Kisha, tarehe 24 Julai 1505, Francisco de Almeida alishusha askari wake, akautwaa mji pasipo upinzani mkubwa. Amiri Ibrahim alikimbia. Mambo yaliyofuata yameandikwa na mtu aliyekuwa katika msafara huohuo wa Almeida, kwa hiyo hatuwezi kusema ni masingizio ya maadui wa Kanisa. Baada ya mji kutekwa, makasisi Wafransisko walishuka pwani wakiwa wamebeba misalaba miwili kwa maandamano, wakiimba Te Deum, utenzi wetu wa kumshukuru Mungu. Walifika kwenye nyumba ya mtawala, wakausimika msalaba, na jemadari akasali. Ndipo askari wote wakaanza kupora mji: bidhaa, vyakula, kila kilichowezekana kubebwa.

Msalaba, wimbo, sala, kisha uporaji. Mpangilio huo wa mambo ulituchoma moyo. Te Deum tunaiimba hapa Ilula kila mkesha wa mwaka mpya. Kama wangepora kwanza na kutubu baadaye, tungesema ni udhaifu wa binadamu. Kama waporaji wangekuwa watu wasiomjua Mungu, tungesema hawakufundishwa. Lakini walisali kwanza. Inaonekana hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja siku moja, katika mji mmoja, mbele ya msalaba uleule wa Yule aliyevuliwa nguo zake na askari wakazipigia kura.

Huzuni yetu ilizidi tulipokumbuka makasisi wale walikuwa wana wa nani. Mwaka 1219, wakati wa Vita vya Msalaba, Fransisko wa Asizi alivuka mstari wa mapigano huko Damietta, Misri, pasipo silaha, akamwendea Sultani al-Kamil. Wawili hao walizungumza juu ya Mungu, na Sultani akamrudisha salama. Fransisko alikwenda kwa sultani mikono mitupu, akarudi akiwa hai. Miaka 286 baadaye watoto wake walifika Kilwa nyuma ya mizinga. Injili iliyohubiriwa ilikuwa moja, lakini watu wa Kilwa waliona jambo jingine kabisa. Wareno walikaa kisiwani hadi mwaka 1512 tu, wakaondoka. Ngome waliiacha, lakini hapakubaki kanisa lenye waamini. Je, twashangaa?

Wala habari za Wakristo na Kilwa hazikuishia hapo. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Mnunuzi alibatizwa, muuzaji alisali kuelekea kibla, na waliouzwa walikuwa watu wa bara. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya watumwa katika pwani hii, ikipokea misafara kutoka Ziwa Nyasa. Basi mtu asituambie kwamba dhambi ile ilikuwa na dini moja. Ilikuwa na wateja wa dini zote mbili.

Jioni hiyo, baada ya kurudi Masoko, tuliketi pamoja. Kijana mmoja aliuliza kwa uchungu: “Baba, kwa nini hatukufundishwa haya katika katekisimu?” Swali lake lilikuwa la haki. Tulimjibu kwamba Kanisa lenyewe limejifunza kuyasema hadharani polepole. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko Nostra Aetate, ambamo Mababa wa Mtaguso walisema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, kwa kuwa wanamwabudu Mungu aliye mmoja, wakawasihi wote waweke kando magomvi ya zamani na kutafuta kuelewana kwa moyo mnyofu. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alisimama katika kisiwa cha Gorée, Senegali, akaomba msamaha kwa ajili ya dhambi ya Wakristo walioshiriki biashara ya watumwa. Tarehe 12 Machi 2000, katika Siku ya Msamaha ya Jubilei Kuu, aliungama mbele ya Mungu, kwa niaba ya Kanisa, makosa ya wana wake, pamoja na matumizi ya nguvu katika kuutumikia ukweli. Na tarehe 6 Mei 2001 aliingia katika Msikiti wa Umayya huko Damasko, akawa Papa wa kwanza kuingia msikitini. Alivua viatu vyake. Baadaye Papa Fransisko, aliyelichagua jina la yule wa Asizi, alitia sahihi Hati ya Udugu wa Kibinadamu pamoja na Imamu Mkuu Ahmad al-Tayyeb, huko Abu Dhabi, tarehe 4 Februari 2019.

Mama yule wa WAWATA alisikiliza haya yote akiwa amekunja mikono yake. Kisha akasema: “Kumbe Papa alivua viatu.” Hakuongeza neno. Lakini tuliona uso wake umefunguka, na tukajua swali alilotuuliza nje ya sakristia limejibiwa na mtu mkubwa kuliko sisi.

Palikuwa na jambo moja zaidi la kuwaza. Tulikuwa Kilwa mwezi Agosti. Tarehe 14 Agosti 1905, siku za mwanzo za Vita vya Maji Maji, Askofu Kasiani Spiss, Mbenedikto, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, wakiwa njiani kutoka pwani kwenda Peramiho. Alikuwa wa shirika lilelile lililoleta Injili Tosamaganga, jirani zetu, kabla ya Wamisionari wa Konsolata kuipokea misheni hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tuliwaombea marehemu hao. Lakini tuliwaombea pia wenyeji wa Matumbi na jirani zao, walioshurutishwa kulima pamba ya serikali ya Kijerumani hata wakachoka, wakaasi, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala yao kuchomwa moto. Wamisionari wale hawakuwa wamempiga mtu kiboko. Lakini rangi yao na lugha yao ilikuwa ya wenye viboko, na aliyekuwa na hasira hakusimama kuwatofautisha. Msalaba ukitembea bega kwa bega na bunduki, anayeubeba bila silaha naye huja kulipa.

Sasa turudi kwa yule mzee wa kigango na swali lake: kwa nini tukazuru msikiti uliobomoka?

Kwanza, kwa sababu sisi wenyewe twajua mahali palipojeruhiwa panavyotaka kuzuriwa. Hapa Iringa tunayo Kalenga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliibomoa ngome ya Mtwa Mkwawa kwa mizinga. Alipokufa mwaka 1898 kichwa chake kilikatwa, na fuvu linalotambuliwa kuwa lake lilirudishwa mwaka 1954 tu. Wageni huja Kalenga. Yupo aingiaye akicheka, akiuliza bei ya kupiga picha. Na yupo avuaye kofia na kunyamaza kwanza. Sisi Wahehe, na jirani zetu tuliokaa nao, twawajua wawili hao tangu mlangoni, kabla hawajafungua kinywa. Basi tukienda kwa wengine, twapaswa kujua kwamba nasi tunajulikana tangu mlangoni.

Pili, kwa sababu kuheshimu hakumaanishi kuikana imani. Hatukuswali katika Msikiti wa Kilwa kwa namna ya Waislamu, wala mwenyeji wetu hakututaka tufanye hivyo. Tulibaki Wakatoliki, Rozari zetu zilikuwa mifukoni. Tulisimama kimya, na katika ukimya huo kila mtu alimwomba Mungu kwa jinsi alivyofundishwa na mama yake. Imani inayoogopa kuingia mahali pa sala pa mwingine kwa adabu huenda haijaota mizizi. Mti wenye mizizi hauogopi upepo wa bondeni.

Tatu, kwa sababu magofu ni katekista mkali. Pale Kilwa kuna msikiti wa mafundi hodari na kasri ambalo halikukamilika. Sultani mkarimu amekwenda, jemadari mwenye sala amekwenda, mnunuzi wa watumwa amekwenda na mkataba wake. Mwaka 1981 UNESCO iliyaandika magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi, mvua na mizizi vilikuwa vikiyala. Na baada ya kazi kubwa ya ukarabati, mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Wanaoyatunza leo wamo wanakijiji wa Kisiwani, wanaong’oa magugu na kuzoa majani mahali ambapo wakuu walisali. Nasi tunapochangishana kwa ajili ya kanisa jipya, tujiulize: miaka 700 ijayo, wageni wakisimama katika kuta zake, mwenyeji wao atasimulia nini juu yetu? Atasema walijenga vizuri tu? Au atasita, akitazama nyuso za wageni, akifikiri ni kipi cha kufupisha?

Wapendwa, tulipokuwa tukiagana ufukoni, yule mzee wa kigango, ambaye hatimaye alikubali kusafiri nasi, alimwendea mwenyeji wetu. Tulikuwa na wasiwasi kidogo, kwa kuwa twamjua ni mtu wa maneno makavu. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyosalimiana wazee huku kwetu, akamwambia: “Ndugu yangu, yale ya msalaba na uporaji, mimi sikuwapo. Lakini ni wa kwetu. Utusamehe.” Mwenyeji akainamisha kichwa, akajibu: “Nami wale watumwa 20 wa Sultani, Mzee wangu, walikuwa wa kwenu. Tusameheane.” Kisha akaita mtoto aliyekuwa na kikapu cha nazi, akazitoa sita, akazitia katika mashua yetu bila kutaka senti.

Nazi hizo tulizileta hadi Ilula. Moja ilipikiwa wali katika nyumba ya mama yule wa WAWATA, siku binti yake alipokuja kumsalimu pamoja na mumewe na watoto. Tulialikwa. Baba wa nyumba ile mpya aliomba kwa namna yake, nasi tukabariki chakula kwa namna yetu, na watoto hawakungoja sana baada ya hapo.

Basi juma hili, kila jumuiya ndogondogo iwe na tendo moja: tumwendee jirani mmoja asiye wa dini yetu, tumsalimie nyumbani kwake, tubishe hodi vizuri. Tusiende kuhojiana wala kushindana. Na wale walio na deni la zamani na jirani wa namna hiyo, iwe la shamba, la maji au la maneno, wasisali Rozari ya jioni kabla hawajakusudia kulimaliza. Tumeona Kilwa kinachotokea watu wakisali kwanza na kupora baadaye.

Mungu Baba wa wote awabariki. Tuonane tena juma lijalo.

Tumsifu Yesu Kristo.